Bwana Miti na Maji ya Kule Chini

Kijijini kwetu hakuna aliyekuwa akisema maporomoko. Tulisema kule chini. Ndama amepotelea kule chini, kina mama wamekwenda kule chini kukata nyasi, watoto wasionekane kule chini. Neno maporomoko alituletea Bwana Miti, na mwanzoni lilitukaa vibaya mdomoni, kama nguo ya Jumapili iliyovaliwa siku ya kazi.

Hata mkewe alimwita Bwana Miti. Alikuwa afisa misitu wa kata yetu, huku milimani kupita Mafinga, na alipostaafu hakuondoka. Mimi nilimfahamu kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa nimehamishiwa shule ya msingi ya hapa nikitokea Mbalizi, mtoto wa barabara kuu, niliyezoea kulala na kuamka na honi za malori. Wiki yangu ya kwanza aliingia ofisi ya walimu na mabuti yaliyojaa udongo, akasema, "Kamwene." Nikabaki namtazama.

"Ukiambiwa hivyo, unajibu hivyohivyo," akasema. "Ni salamu nyepesi kuliko zote, Mwalimu. Jumamosi una kazi gani?"

"Sina."

"Basi vaa viatu usivyovionea huruma."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda kule chini mara ya kwanza, mimi na walimu wenzangu wawili. Hakukuwa na kibao kinachoonyesha njia, wala leo hakipo. Unapita mashamba ya mahindi, unaingia kwenye mianzi inayogemwa ulanzi, pombe yetu ya huku, kisha njia inadondoka ghafla na unashuka kwa kushikilia mizizi. Bwana Miti hakutangulia. Alikuwa nyuma ya wageni siku zote, akisema, "Kushoto. Shika huo mzizi, sio huo mwingine." Nilimuuliza kwa nini kiongozi anakaa nyuma. Akasema, "Nikitangulia mtakuwa mnanitazama mimi, na mimi sina cha kutazamwa."

Kabla ya kona ya mwisho alituomba tunyamaze. Hapo sauti ya maji ilikuwa imeshakujaa kifuani, si sauti ya kusikika tu. Tukageuka, na maji yalikuwa pale, yakianguka kwa hatua mbili, ya kwanza fupi, ya pili ndefu mno, hata chini hayakuonekana kama maji tena bali kama ukungu unaochemka. Nilisimama nikalia, na sikujua kwa nini nalia. Yeye akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Alichotoa ni kiazi cha kuchemsha, kimepoa, akanigawia nusu.

Mfuko wa Bwana Miti haukukosa viazi. Alikula akitembea, akila na maganda, na mikono yake ilikuwa na weusi wa utomvu ambao sabuni haikuuweza. Alivaa sweta mbili, ya ndani akiigeuza, kwa kuwa aliamini upande wenye nyuzi nyuzi ndio unaoshika joto. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa na kuimba sauti ya nne kwa nguvu, akichelewa kidogo nyuma ya kwaya, kiasi kwamba kila ubeti ulipokwisha ulibaki na neno moja la Bwana Miti. Wachungaji walikuja na kuhama, hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kwa ulanzi alikuwa na msimamo ambao kijiji kizima kiliuheshimu kwa kutabasamu. Alisema yeye anakunywa mtogwa tu, ule mtamu uliogemwa asubuhi, ambao hata mtoto anapewa. Lakini mtogwa wake ulikuwa wa juzi, umeshakuwa mkali. Mkewe aliupita mtungi wake kila siku pale nyuma ya jiko na wala hakuugusa. Mwanamke huyu alikuwa mkimya, mshona vitambaa, na alikuwa na ulimi uliotoka mara chache na kukata kila ulipotoka. Siku moja Bwana Miti alikuwa akituonyesha mti mmoja baada ya mwingine, huu wa mwaka fulani, huu ulipandwa mvua zikichelewa. Mkewe akasema taratibu, bila kuinua macho kwenye sindano, "Mimi ningekuwa mti angenijua umri."

Alikuwa na hasira pia, sitaki nimpambe. Mtu mmoja alichoma moto shamba lake kuandaa kilimo, moto ukamshinda, ukapanda mlima na kula miti ya paina ya watu wanne. Bwana Miti alimkuta kilabuni akampiga kofi mbele ya watu, mtu mzima mwenye wajukuu. Kesho yake asubuhi alikwenda kwake na panga na kamba, akakaa siku tatu anamjengea upya ua wa zizi ulioungua. Hakuomba radhi. Yule mtu naye akashika ncha ya pili ya kamba. Wanawake wa pale wanasema walifanya kazi siku zote tatu kama watu wawili waliogombana na mtu wa tatu.

Ukimuuliza habari, alijibu, "Kwa sasa nzuri." Nyumbani hawajambo? "Kwa sasa." Nilidhani ni mtindo wake tu wa kuongea. Baadaye nilikuja kuona kwamba alikuwa mtu anayesubiri jambo.

Nieleze miti, maana bila miti huwezi kumwelewa.

Wazee wa hapa wanasimulia kwamba kabla yake vilima hivi vilikuwa vitupu, nyasi na upepo. Nyumba zilikuwa za nyasi. Mtoto akifaulu kwenda sekondari, mara nyingi alibaki nyumbani. Bwana Miti alianzisha kitalu nyuma ya ofisi ya kijiji, akajaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, kwa mikono yake, na akawa anapita nyumba kwa nyumba na miche kichwani kama mwanamke anayeuza ndizi. Paina za juu mlimani. Mikaratusi, ambayo sisi huku tunaiita milingoti, ya bondeni. Alisema mlingoti ukiwa karibu na maji unakua unauona kwa macho. Ili watu wamwamini alianza yeye, akapanda milingoti yake pembeni mwa kijito, juu kidogo ya mahali maji yanapoangukia.

Watu wakapanda. Na mimi, nilipoolewa hapa na Baba Neema, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kupasulia mbao Mafinga, tulipanda. Shamba letu linapakana na la Bwana Miti, palepale kijitoni. Siwezi kumsema vibaya mtu yule bila kutazama juu kwanza, nikaona mabati ninayolala chini yake. Mabati ni miti yake. Binti yetu Neema alisomea uuguzi Mbeya kwa miti yake. Kila ukoo hapa una kitu chake kilichotoka kwenye viriba vile.

Kule chini alikuwa na jiwe moja bapa aliloliita ofisini. Wakubwa wakimkera alisema, "Naenda ofisini," na tulijua yuko wapi. Jiwe lile lilikuwa mbali na maji, lakini ukikaa pale rasharasha ilikufikia na miwani yake ililowa. Alipenda hivyo. Aliivua, akaifuta kwa ile sweta ya ndani, akaivaa ilowe tena.

Nilikwenda naye mara nyingi, na wageni wangu wa kutoka Mbalizi, na walimu wapya, na mara moja mgonjwa, mama aliyekuwa na uvimbe tumboni, ambaye Bwana Miti na mumewe walimbeba kwa machela kwa sababu alisema hataki kufa hajaona. Sasa kuna mwaka niliona amekaa jiwe jingine, la mbele zaidi. Nikamuuliza kama ofisi imehama.

"Macho yamechoka," akasema. "Nasogea nione vizuri."

Nikaamini. Miaka miwili mitatu baadaye alikuwa amesogea tena, mpaka akawa anakaa kwenye ukingo wa bwawa lenyewe, na nikaona anavua miwani, anaitazama, imekauka. Aliivaa haraka alipojua namwona.

Waliosema kwa sauti walikuwa wanawake wa vinyungu, yale mashamba madogo ya bondeni tunayolima kiangazi kwa unyevu wa kijito. Kabichi zilianza kufa zikiwa ndogo. Ukichimba, udongo mweusi ulikuwa mkavu kama unga. Wao walisema ni dhambi za watu. Baba Neema alisema ni mvua. Bwana Miti yeye aliacha tu kupeleka wageni kiangazi. "Njooni masika," aliwaambia.

Alikuja shuleni siku moja wanafunzi wameshaondoka. Akaomba chaki. Akachora bonde letu ubaoni, vizuri kuliko nilivyowahi kulichora mimi ninayefundisha jiografia: kijito, mteremko, maji ya chini ya ardhi kwa mistari midogo. Halafu akachora mlingoti mmoja na mizizi yake. Akachora wa pili. Akaendelea kuchora mpaka mistari ya maji haikuonekana.

"Mwalimu, ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Maji. Nilisoma habari hii chuoni. Ilikuwa ukurasa mmoja. Nilifaulu mtihani wake."

Nilikaa kwenye dawati la mtoto. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Mlikuwa na njaa," akasema. "Na mimi nilikuwa na miche."

Akafuta ubao mwenyewe, polepole, hadi kwenye pembe.

Mkutano wa kijiji ulifanyika asubuhi, uwanjani mbele ya ofisi. Kabla sijatoka nyumbani Baba Neema aliniambia, akiwa anafunga kamba za viatu, "Mama Neema, leo wewe ni msikilizaji. Mtoto amebakiza mwaka mmoja chuoni." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekukumbusha mwavuli.

Bwana Miti alisimama na kueleza yote, bila kujificha. Akasema milingoti yote iliyo pembeni mwa kijito ikatwe na ing'olewe visiki, kuanzia ya kwake, na miti ya asili irudishwe. Watu walimsikiliza kwa heshima. Wengi walikuwa wamevaa viatu vilivyotokana na maneno yake ya zamani.

Mwenyekiti wa kijiji akamuuliza, "Bwana Miti, miti hii ulitupa wewe?"

"Ndiyo."

"Bondeni ulisema wewe?"

"Mimi."

"Sasa unasema ulikosea. Je, na leo ukiwa umekosea?"

"Hilo siwezi kukuahidi," akasema.

Kisha alisimama mama mjane, jirani yetu. Hakuwa na hasira hata kidogo, na afadhali angekuwa nayo. Akasema, "Baba, mimi yangu bado midogo. Nikiikata sasa ni kuni. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Mimi sikatai unachosema. Nisaidie tu kufikiri, nifanyeje."

Bwana Miti akageuka, akanitafuta kwa macho, akanipata.

"Mwalimu alikuwepo nikichora," akasema. "Mwalimu, waeleze. Wewe wanakuelewa."

Nilisimama. Nilihisi goti la Baba Neema karibu na langu, halikunigusa, lakini nilijua lilipo. Nikasema, "Jambo hili ni zito, nadhani linahitaji kuangaliwa kwa makini na wataalamu." Watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Yeye ndiye alikuwa mtaalamu. Hatukuwa na mwingine.

Hakunilaumu, wala hakuacha kunisalimia. Jioni ileile nilimwona akipita na shoka begani, nikaitikia "Kamwene" yake nikiwa nyuma ya mlango.

Alikata milingoti yake yote. Peke yake kwanza, halafu kwa msaada wa yule mtu aliyempiga kofi siku zile, ambaye sasa alikuwa mzee kama yeye. Ilichukua wiki kadhaa. Ila mlingoti haukubali kufa kwa kukatwa. Kisiki kinachipua, na pale palipokuwa na mti mmoja panatoka mitatu, minne, yenye majani mapana ya kijani hafifu. Kung'oa visiki kulihitaji mashine au vijana wengi, na hakuwa navyo. Kwa hiyo alikwenda na panga kila baada ya muda kukata machipukizi. Akirudi kuyatazama yamefika kiunoni. Alikata. Yakarudi. Mkewe aliniambia, "Anakwenda kama anayekwenda kunyoa maiti."

Aliandika barua wilayani. Alikwenda mwenyewe kuipeleka, kwenye ofisi ambayo aliwahi kuitumikia, akakaa kwenye benchi la wageni. Majibu yalikuja baada ya muda mrefu, mistari miwili: barua imepokelewa, suala linafanyiwa kazi. Alinionyesha.

"Sentensi hii nimeiandika mimi kwa miaka yote ya kazi yangu," akasema. "Nimewaandikia watu wengi sana. Sikujua inasomekaje."

Nilidhani atacheka, kwa kuwa alikuwa mcheshi. Aliikunja barua, akaitia kwenye mfuko wa viazi.

Kuna siku moja ambayo naificha hata kwa Baba Neema. Nilikwenda kuangalia shamba letu kijitoni, milingoti yetu imefikia kuuzwa, mistari imenyooka, mizuri kweli. Nikamkuta Bwana Miti amesimama ndani ya shamba, upande wetu wa mpaka, panga mkononi. Hakuwa amekata chochote. Aliponiona hakushtuka.

"Nimekuja kuomba," akasema.

"Bwana Miti, hapana."

"Sio yote. Mstari wa kwanza tu. Huu uliokanyaga maji."

"Baba Neema nitamwambia nini?"

Alitazama ule mstari. Alinyoosha mkono akagusa gome la mti wa karibu, akabandua kipande kilichokuwa kinaning'inia, kama mtu anayemtoa mtoto uzi kwenye nguo. "Unakua vizuri," akasema. Kisha akasema, "Basi nisalimie Baba Neema," akavuka mpaka, akaendelea na machipukizi yake. Mimi nikasimama pale nikisikia panga, na nilijua kwamba ningeweza kumwita. Haikuwa mbali. Sikumwita. Mwezi uliofuata tukauza, Neema akamaliza chuo, na visiki vyetu vikachipua miti mitatu mitatu.

Kisha Bwana Miti akapooza. Alianguka akiwa anavaa mabuti asubuhi. Hospitali walimsaidia, akarudi nyumbani, lakini mkono na mguu wa kulia vilikuwa vya kubebwa, na maneno yalitoka yamekatika, baadhi bila mwanzo, baadhi bila mwisho. Mkewe alimwelewa yote. Mimi nilimwelewa kama nusu, na nusu nyingine niliikisia. Wengine waliitikia tu. Nilikwenda kumwona kila Jumapili baada ya ibada, na nilikuwa nikienda kwa woga. Sikuogopa ugonjwa. Niliogopa kwamba siku moja atanieleza kitu nikielewe.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda mrefu ilikuwa Oktoba iliyopita. Mkewe alikuwa amemtoa nje kwenye kiti cha mbao chenye mikono, wanaota jua. Nilikuwa namenya chungwa nimpe vipande. Pikipiki ikaingia uani imebeba vijana wawili, mume na mke, wa Mbeya mjini, wameoana majuzi. Yule dada alikuwa na viatu vyeupe. Wakasalimia vizuri, shikamoo kwa kila mmoja wetu. Yule kaka akatoa simu akatuonyesha picha: maji yetu, hatua mbili, ukungu chini, picha ya miaka mingi nyuma ambayo mgeni mmoja alikuwa ameiweka mtandaoni.

"Tumeambiwa mwenyeji wa maporomoko anakaa hapa," akasema.

Bwana Miti aliiona ile picha. Mkono wake wa kushoto ukashika mkono wa kiti, akaanza kujiinua. Alijiinua kweli, kiti kikalalamika, mshipa ukamtoka shingoni. Mkewe akamwekea kiganja begani, hakumsukuma, akauacha tu pale. Akarudi kukaa. Alikuwa anahema.

"Mwa'imu," akasema. "Wape'eke."

"Bwana Miti, ni Oktoba, bado kiangazi."

"Wape'eke."

Niliwapeleka. Nilitangulia mimi, kwa kuwa sikutaka kuona nyuso zao njiani. Dada alivua viatu vyeupe akatembea peku, akicheka kila alipoteleza. Kwenye kona ya mwisho sikuwaomba wanyamaze. Hapakuwa na cha kusikiliza.

Kule chini kulikuwa na mwamba. Mwamba mweusi, mrefu, mkavu, na upande mmoja kwenye ufa maji yalikuwa yanateremka membamba, ya kutosha kunawa mikono ukiwa na subira. Bwawa lilikuwa kijani, limejaa majani ya milingoti yaliyopeperushwa kutoka juu. Kulinuka milingoti, ile harufu ya dawa ya kifua.

"Ni hapa?" dada akauliza.

"Ni hapa."

Mumewe akatazama simu, akatazama mwamba, akasogea hatua mbili kushoto, kama vile tatizo ni pale aliposimama. "Maji yameenda wapi, mama?"

Shamba langu lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Ningenyoosha kidole tu.

"Mvua za siku hizi si kama za zamani," nikasema.

"Mabadiliko ya tabianchi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata jibu.

"Ndiyo."

Tulikaa kidogo, wakanawa, tukapanda. Uani Bwana Miti alikuwa hajahamishwa, ingawa jua lilikuwa limemwacha. Alikuwa anatutazama tangu tulipotokea kwenye mashamba ya mahindi.

"Wameona?" akaniuliza. Hilo lilitoka lote.

"Wameona."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia mvua zimepungua."

Alinitazama. Nimeshasema nilikuwa naogopa siku atakayoniambia kitu nikielewe. Hakuniambia kitu. Aliwageukia wale vijana, akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akajipiga kifuani.

"Mimi," akasema.

Vijana wakatabasamu. Dada akachuchumaa mbele yake kwa adabu. "Ndiyo, babu."

"Mimi. Maji. Ni mimi." Alikuwa anajitahidi mno, mate yakimtoka pembeni, na maneno yalivyotoka hayakuwa na umbo ambalo mgeni angeweza kulishika. Akajipiga tena kifuani. "Mimi."

Mkewe aliacha kushona. Alinitazama, na nilijua kwamba alikuwa ananisubiri nitafsiri, kwa kuwa jambo lile halikuwa lake yeye kulisema.

"Anataka tumpige picha," yule dada akamwambia mumewe, kwa furaha. "Maskini, si unaona, anasema na yeye. Mpige, mpige."

Kaka akainua simu. Bwana Miti alikuwa bado na mkono kifuani, akiangalia ile simu kama mtu anayeangalia hakimu, na kwa sababu mwanga haukuwa mzuri kijana alirudi nyuma, akainama, akajaribu tena.

"Mama mwalimu, na wewe," akasema, akinipungia mkono nisimame nyuma ya kiti. "Sogea hapo karibu naye. Karibu zaidi."

Nikasogea.